Marahaba Si Jibu Sahihi

"Wa kwanza katika nini?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amekaa uani anachambua vitunguu saumu, bila hata kuinua kichwa. Nilikuwa nimetoka kushuka kwenye basi dogo la kutoka Mbulu mjini, nikapandisha kilima hadi nyumbani kwetu Dongobesh karibu nakimbia. Njia nzima nilikuwa na sentensi moja tu mdomoni: Mama, nimekuwa wa kwanza.

"Kwenye mashindano," nikasema. "Ya kuandika kodi."

"Kodi? Umeanza lini kazi ya mapato?"

"Siyo kodi hiyo, mama. Ya kompyuta. Unaiandikia maelekezo, yenyewe inayafuata."

"Haya. Sasa wa kwanza katika nini? Kuandika mengi? Kuandika mazuri? Kompyuta yako imefanya nini ambacho ya mwenzako haikufanya?"

"Nimepata alama nyingi kuliko wote."

"Alama za nini?"

Akachukua kitunguu kingine, akakikata mizizi.

"Na yule mwenzako wa Hirbadaw? Amekuwa wa ngapi?"

"Wa pili kutoka mwisho."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Yule aliyekaa na mimi jikoni akaniwekea picha za wateja wangu kwenye simu, nisihangaike na miwani kila ikiita?"

"Huyo huyo."

"Basi sijaelewa mlikuwa mnashindania nini," alisema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nilimwambia nina njaa.

Mimi na huyo mwenzangu tulikaa chumba kimoja chuoni, Dodoma, tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Tulikuwa wasichana wawili wa kwenye baridi tuliopelekwa kwenye joto, na hilo peke yake lilitosha kutufanya ndugu. Mimi ni mtu wa Mbulu, yeye ni wa Hanang. Mimi ni mwembamba na nina haraka. Yeye ana sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi, na alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono mwalimu akishafunga kitabu.

Watu wanasema mimi napenda kuhoji. Ni kweli. Chuoni nilihoji kwa nini tunasaini mahudhurio, kwa nini mhubiri wa ukumbini anapiga kelele kama Mungu ana matatizo ya masikio, kwa nini somo la maadili lina mtihani wa kuchagua herufi. Kitu pekee ambacho sikukihoji hata siku moja ni ubao wa alama wa mashindano ya programu. Nadhani ni kwa sababu ubao ule ulikuwa unanipenda.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Mnapewa maswali, mnaandika programu, mnazituma. Kompyuta ya waamuzi inazijaribu kwa majaribio ya siri. Ukipita yote, unaletewa puto na linafungwa kwenye kiti chako. Mimi nilikuwa na maputo kama mtoto aliyeandaliwa sikukuu ya kuzaliwa na wazazi wenye uwezo. Niliweza kutafuta njia fupi kati ya miji isiyokuwepo. Niliweza kupakia mizigo isiyokuwepo kwenye malori yasiyokuwa na dereva. Programu zangu zilikuwa zinaishi muda wa kupepesa jicho: zinapita majaribio, zinaleta puto, zinakufa. Hakuna mtu aliyewahi kuitumia hata moja. Hakuna aliyewahi kuisoma.

Mwenzangu naye alishiriki, ila alikuwa anaandika kama anajenga nyumba ya kuhamia. Mimi vitu vya ndani ya programu zangu niliviita a, b, c. Yeye aliandika maneno mazima, mizigo_iliyopakiwa, mizigo_iliyobaki, na juu yake anaweka maelezo.

"Unaandika programu au barua ya posa?" nilikuwa namtania.

"Na wewe unaandika programu au hesabu za darasa la tatu? Kesho ukiumwa, nani atajua b ni nini?"

"Kesho nani ataisoma?"

"Ndicho ninachokuuliza, mwenzangu."

Nilikuwa nacheka, naenda kufungiwa puto langu.

Ninachokumbuka sasa ni wale walioacha. Hakuna aliyewafukuza. Walitazama tu ubao, wakatafuta jina lao, wakaanza kuangalia kwingine. Kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye ukimpelekea kazi yako imekwama, anakaa nayo kimya, anakunja uso, halafu anaweka kidole kwenye mstari mmoja: hapa. Na kweli ni hapo. Sijawahi kukutana na mwingine kama yeye. Lakini kutafuta kosa la mtu mwingine hakukuwa na puto. Tulipomaliza chuo alipata kazi ya kaunta benki, na nilipomuuliza kwa nini asitafute ya programu, alinijibu bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja kabila lake: "Mimi sijui programu."

Tulirudi nyumbani, kila mmoja kwao, na ajira zikawa hazionekani. Halafu ukatoka mradi mdogo wenye ofisi Mbulu mjini. Ulitaka kuwatumia wafugaji meseji za chanjo ya ng'ombe, ili mtaalamu wa mifugo ajue mapema abebe dawa kiasi gani na aende josho lipi. Walihitaji mtu wa kuandika programu, mmoja tu, naye angepatikana kwa mashindano.

Kwa mwenzangu nafasi ile ilikuwa jambo kubwa kuliko kwangu. Mimi nyumbani kulikuwa na vitunguu na mama asiyenisukuma. Yeye alikuwa na mjomba mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo pale Katesh, na mjomba alikuwa amesema waziwazi: umesoma, tumefurahi, sasa njoo ukae dukani, nahitaji mtu wa kuaminika. Alimpa muda hadi hayo mashindano yapite. Akipata, sawa. Akikosa, kaunta inamsubiri.

"Siyo kwamba duka ni baya," aliniambia alipokuja kulala kwetu kabla ya siku yenyewe. Tulikuwa tunakula makande. "Ni ile harufu ya dawa ya kupe. Ukishakaa pale mwezi mmoja, hata Kristo akirudi atajua umetoka dukani kwa mjomba."

"Utashinda wewe."

"Acha uongo. Utashinda wewe. Mimi nataka tu waone kazi yangu."

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na baridi ile ya Mbulu inayokufanya uandike na sweta lililovutwa hadi kwenye vidole. Mratibu wa mradi, baba wa makamo aliyehamia kutoka Morogoro na ambaye hakuwahi kuvua koti tangu afike, alisimama mbele akatusomea utaratibu. Maswali ni matatu. Kompyuta itasahihisha yenyewe. Na atakayetuma mapema atapata alama zaidi ya atakayechelewa, hata kama wote wamepata. Nyuma yake, ukutani, projekta ilikuwa inaonyesha orodha ya majina yetu. Kila mtu akituma kitu, orodha inajipanga upya.

Swali la mwisho ndilo lilikuwa la kazi yenyewe. Mfugaji anatumiwa meseji inayoanza na shikamoo, anaambiwa siku ya chanjo, anaulizwa kama ataleta mifugo. Akijibu 1 maana yake ndiyo. Akijibu 2 maana yake hapana. Akijibu kitu kingine chochote, programu imwambie: Jibu si sahihi, jaribu tena. Akikosea mara tatu, aondolewe.

Nikaliandika kama nafukuzwa. Nikatuma. Nikapanda juu ya orodha. Kutoka upande wa pili wa ukumbi nikasikia sauti ninayoijua.

"Samahani, mratibu. Hii meseji inaanza na shikamoo."

"Ndiyo. Wengi ni watu wazima. Ni heshima."

"Sasa mzee akijibu marahaba?"

"Hiyo haipo kwenye swali, dada."

"Ipo kwenye meseji."

Watu wakacheka. Mratibu naye akacheka, akaangalia saa yake. "Jibu swali lilivyo, binti yangu. Muda unakwenda."

Hakujibu swali lilivyo. Aliandika programu ambayo mtu akiiitikia salamu inapokea, inashukuru, halafu ndipo inauliza tena kuhusu ng'ombe. Baadaye tulikuja kuona kwamba moja ya majaribio ya siri lilikuwa linatuma neno "habari", kama mfano wa takataka, na jibu lililotakiwa ni "Jibu si sahihi". Programu ya mwenzangu ilijibu "Nzuri". Ikafeli. Yale maswali mengine mawili aliyapata yote, ila alikuwa ameyatuma mwishoni kabisa, akisharidhika nayo, kwa hiyo alama zake zilikuwa zimebaki kama ukoko wa sufuria.

Nje, tukinywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha karibu na stendi, alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa unazungusha kikombe bila kunywa.

"Programu yangu imefeli kwa sababu ina adabu," alisema. "Mwambie mama yako hivyo."

"Ungeandika tu walichotaka."

"Najua. Nilishindwa. Nilikuwa namwona bibi yangu ameshika simu."

Akapanda gari la Katesh. Mimi nikapanda la Dongobesh, kwenda kuulizwa na mama lile swali.

Kazi ilianza vizuri. Nilikuwa na meza, kiti cha kuzunguka na birika la umeme. Mratibu alinitambulisha kwa kila mgeni kama "mshindi wetu", na wageni walinitazama kama ng'ombe wa maonyesho. Tukatuma meseji za kwanza kwa wafugaji wa Hirbadaw kuhusu chanjo ya chambavu, ugonjwa unaomlaza ng'ombe mwenye afya akiwa amevimba paja, na kesho yake hayupo. Nikakaa kusubiri zile 1 na 2.

Zilikuja chache mno. Karibu namba zote zilikuwa zimeondolewa kwa kukosea mara tatu.

"Tatizo ni elimu," mratibu alisema, akijifunga skafu. "Hawa wazee simu bado hawajaizoea. Tutaandaa semina."

Mimi, mtu wa kuhoji kila kitu, nikaona semina ni wazo zuri.

Siku ya chanjo tulikwenda pale josho la Hirbadaw na mtaalamu wa mifugo. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu hadi mabegani, upepo unavuma, na zizi lilikuwa karibu tupu. Dawa zenyewe zilikuwa zinatoka kwenye duka la mjomba wa mwenzangu, na nani aliyezileta kwa bodaboda, amekumbatia kasha la barafu, harufu ya dawa ya kupe ikimtangulia? Tulikumbatiana na kasha likiwa katikati.

"Mshindi!" akaniita kwa sauti iliyogeuza vichwa vya ng'ombe wote wachache waliokuwepo. "Wako wapi wafugaji wako?"

Kabla sijajibu, akaja mzee mmoja na fimbo yake na shuka lake, ng'ombe wake nyuma. Jirani alikuwa amemwambia kwamba hata walioondolewa wanachanjiwa. Hakwenda kwa mtaalamu. Alikuja kwetu.

"Nani hapa ni mtu wa meseji?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Akaegemea fimbo yake. "Nikiitikia, utasema si sahihi?"

Sikumwelewa. Akatoa simu yake mfukoni, ile ndogo ya batani, akanipa. Nikasoma nikiwa nimesimama pale kwenye upepo. Juu kulikuwa na meseji yetu, shikamoo, chanjo, jibu 1 au 2. Chini yake yeye aliandika: Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Programu yangu ikamjibu: Jibu si sahihi, jaribu tena. Akaandika: Marahaba. Programu yangu: Jibu si sahihi, jaribu tena. Akaandika kwa herufi kubwa zote: NIMESEMA MARAHABA, WEWE NI MTOTO WA NANI. Programu yangu ikamwambia amekosea mara tatu na ameondolewa kwenye huduma.

"Miaka yote hii naitikia shikamoo," mzee akasema, "kwa watoto, kwa wajukuu, kwa mchungaji, kwa mkuu wa wilaya. Leo ndiyo naambiwa sijui."

Mwenzangu alikuwa ameshakaa juu ya kasha la barafu, anacheka hadi machozi yanamtoka. "Mzee, msamehe," akasema. "Huyu ndiye alikuwa wa kwanza kuliko sisi wote."

"Wa kwanza kunifukuza, ndiyo," mzee akajibu. "Sasa ni mtoto wa nani?"

Ikabidi nitaje baba yangu, babu yangu, na kijiji alichotoka babu yangu, ndipo akaitikia salamu yangu kwa mdomo, akapeleka ng'ombe wake kuchanjwa.

Niliporudi ofisini nilikuwa na jambo moja kichwani: mwenzangu anatakiwa awe kwenye kiti cha pili cha ofisi yetu, kilichokaa tupu. Nikamwambia mratibu.

"Yule?" akafungua orodha ya matokeo kwenye kompyuta yake. "Lakini ni wa pili kutoka mwisho."

"Ndiye pekee aliyeona tatizo."

"Naelewa. Ila nikiulizwa na wafadhili? Kuna watu wengi juu yake. Nitawaruka vipi? Nitasema nini, kwamba yeye ana adabu?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mizani na kuambiwa apime harufu. "Wewe si unaweza? Tengeneza."

Nikatengeneza. Kutengeneza haraka ndiyo kazi niliyofundishwa. Tuliondoa salamu, mwenyekiti wa kijiji akapiga simu kuuliza ni nani anawaamrisha watu kama askari. Tukairudisha. Nikaiambia programu ikubali "marahaba". Wakaja na "malahaba". Nikaikubali. Wakaja na "salama tu, nyie je". Wakaja na "nitaleta Mungu akijalia". Akaja mmoja na "nitaleta watatu, dume amevuka korongo". Kila asubuhi nilikuwa naziba tundu jipya, na programu yangu ikawa kama suruali ya fundi rangi, viraka juu ya viraka. Nilikuwa na kasi ileile ya chuoni. Tofauti ni kwamba huku swali halikuwa na mwisho, na majaribio ya siri yalikuwa yanavaa shuka na kushika fimbo.

Nikampigia mwenzangu. Nyuma yake nilisikia mteja anabishana juu ya bei ya chumvi ya ng'ombe.

"Ungefanyaje?"

"Kwanza acha kuwapa mtihani," alisema. "Salamu iwe meseji yake. Subiri waitikie. Halafu uliza, na uwaache wajibu kwa maneno yao. Unachoelewa, chukua. Usichoelewa, usiwaambie wamekosea. Mpelekee mtu akisome, apige simu. Programu ikishindwa kuelewa, imekosea programu. (Ndiyo, baba, hiyo ni bei ya mwisho, duka siyo la kwangu.) Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na usiite tena kitu chochote b."

Usiku huo nilitamani kumweleza mama kitu kuhusu vitunguu, kwa sababu yeye angeelewa. Zamani kwetu kulikuwa na vitunguu saumu vidogo, vya zambarau, vikali hadi vinatoa machozi. Wakaja wanunuzi wanaopanga kwa ukubwa tu. Hawakusema vile vidogo ni vibaya. Walisema tu kikubwa kina bei. Sasa ukizunguka Dongobesh kutafuta mbegu ya vile vidogo, utaonyeshwa kikongwe mmoja anayevipanda nyuma ya choo kwa ajili ya mchuzi wake mwenyewe. Kizazi kinachokuja kitadhani kitunguu kizuri maana yake ni kikubwa, na hakitakuwa kimedanganywa na mtu yeyote. Kasi ni kitu kizuri. Mimi bado naipenda kasi yangu. Ila ilikuwa ndiyo kitu kinachoonekana ukutani, na sisi tukaiita uwezo, na vilivyobaki tukavipa majina mengine: tabia, uvumilivu, kuongea na watu.

Nilianza kumsumbua mratibu kila siku. Nilimsumbua kwenye chai, nilimsumbua kwenye gari. Nilimwambia kama hamtaki, mimi narudi kwenye vitunguu, na watafute mshindi mwingine wa kugombana na wazee. Mwishowe alikuja mezani kwangu na suluhisho ambalo alikuwa analijivunia.

"Sitamwajiri kama mtu wa programu. Hilo haliwezekani, matokeo yapo. Ila kwenye bajeti nina kifungu cha mhudumu wa mawasiliano. Huyo hahitaji kushindanishwa."

"Lakini atakuwa anaandika programu."

"Atakuwa anawasiliana," mratibu akasema, akakonyeza.

Nilikasirika. Nilimpigia mwenzangu nikiwa tayari kugoma kwa niaba yake. Nilimwambia ni dharau, kwamba wanachukua kazi ile ngumu kuliko zote na kuiita kitu kingine, kwamba asikubali.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

"Niite hata mfagia ua, mradi nitoke kwenye hii harufu. Naanza lini?"

Alianza Jumatatu. Alifuta programu yangu yote, mstari kwa mstari, huku akiniuliza kila moja ilikuwa na maana gani, na mara nyingi sikuweza kumjibu. Alichukua muda. Mratibu alikuwa anapita nyuma ya kiti chake anakohoa, naye hakugeuka. Chanjo iliyofuata, ng'ombe walipanga foleni kutoka josho hadi barabarani, vumbi hadi juu, na mtaalamu wa mifugo akaishiwa dawa. Yule mzee alirudishwa kwenye huduma. Alipotumiwa shikamoo akaandika marahaba, akajibiwa asante mzee, mifugo haijambo? Akaandika haijambo, ila ndama mmoja anakohoa, njooni na dawa ya hilo pia. Programu haikuelewa ndama anayekohoa. Ikamletea mwenzangu, naye akapiga simu.

Mimi nilikaa mradini muda, halafu nikaondoka kutafuta kazi nyingine, kwa kuwa mguu wangu hautulii. Yeye alibaki na mfumo wote mikononi mwake, kwa cheo kilekile cha mhudumu wa mawasiliano. Walipotaka kufanya mashindano mengine, alipendekeza washiriki wabadilishane programu katikati ya siku, kila mmoja aendelee na ya mwenzake. Mratibu akamuuliza hiyo wataipimaje. Akasema hajui, ila angependa kuona sura zao.

Ilipita miaka kadhaa. Nilikutana na mratibu Babati, amestaafu, bado ana koti, tukaagiza nyama choma na kucheka juu ya yale ya zamani. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza nikiwa chini yake: ni nani aliyewashauri kutoa alama kwa kasi, wakati kazi yenyewe ilikuwa ya kusubiri wazee wajibu meseji? Akaniambia hakuna aliyeshauri. Katika mpango wao, kasi haikuwepo kabisa, na isingekuwepo, mwenzangu angekuwa wa tatu. Aliiongeza yeye mwenyewe asubuhi ileile, mlangoni, baada ya mwenye funguo za ukumbi kumwambia kwamba ikifika saa nane wote wawe wametoka, kwa sababu jioni kulikuwa na sendofu ya kumuaga bibi harusi, na wapambaji walishafika na vitambaa vyao.